Kuinua Mkono Barazani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi ni zake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikilie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Huku kwetu Chapwa, katika mji wa Tunduma, jirani na mpaka wa Zambia, mambo mengi hukatwa mkutanoni, na kwenu pwani ni vivyo hivyo. Mwenyekiti husema, “Wanaokubali wainue mikono.” Mkono mmoja hupanda, wa pili huufuata, kisha hausalii ulio chini. Watu wakitoka, njiani utawasikia wale wale wakinong’ona: “Jambo hili si sawa, lakini peke yangu ningefanyaje?”

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa mkono huo ni ushahidi. Mtume, sala na salamu zimshukie, ametufunza kwamba mwenye kutakwa shauri ameaminiwa. Basi aliyeinua mkono kwa jambo ambalo moyo wake walikataa ametoa khabari isiyo kweli juu ya rai yake mwenyewe. (Na yako mambo yasiyokuwa ya kura kabisa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, nyumba ya wakfu haiuzwi hata mikono mia ikiinuliwa.)

Msidhani maradhi haya ni ya wajinga tu. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alitoa khabari ya majaribio yake. Alimketisha mtu pamoja na wenziwe, wakaulizwa ni mstari upi ulio sawa kwa urefu na mstari walioonyeshwa. Jawabu ilikuwa wazi kama jua. Lakini wale wenziwe walikuwa wamekwisha agizwa kusema uwongo kwa sauti moja. Watu waliojaribiwa hivyo walifuata uwongo huo kadiri ya mara moja katika kila tatu, na robo tatu yao walifuata japo mara moja. Alipopatikana mmoja tu wa kusema kweli pamoja nao, makosa yalipungua sana. Na walipoandika jawabu zao kwa siri, pia yalipungua. Macho yao yalikuwa mazima. Kilichowashinda ni kuona haya.

Ikiwa mtu huona haya mbele ya wageni kwa mistari ya karatasi, itakuwaje mbele ya mkubwa wake? Jirani zetu wa Kenya walikwisha yaona. Mwaka 1988 chama cha KANU kilichagua wagombea wake kwa mlolongo: kila mtu akasimama hadharani nyuma ya amtakaye, au nyuma ya mwenye picha yake, na aliyepata zaidi ya 70 kwa mia akapita moja kwa moja, bila ya kura ya siri. Mdeni akasimama huku mdai wake amtazama, na mtumishi huku bwana wake amtazama. Nao mlolongo ukiisha kutawanyika hapana cha kuhesabu tena. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge waliipinga njia hiyo waziwazi, na mwaka 1990 ikaachwa.

Sasa tutazame yaliyo yetu. Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, rai ya Mtume ilikuwa kukaa ndani ya Madina. Vijana waliokosa Badri wakashikilia kutoka, na shauku yao ikachukua baraza. Alipoingia nyumbani kuvaa deraya, wakajuta, wakasema tumemlazimisha. Naye hakurudi nyuma. Yakatokea yaliyotokea, na juu ya hayo aya ya 159 ya Sura Aali Imran ikamwamrisha aendelee kushauriana nao. Basi dawa si kuiacha shura, bali ni kuitengeneza.

Na namna ya kuitengeneza yaonekana kwa Abdurrahman bin Auf, mwaka wa 23 wa Hijra, baada ya kufa Sayyidna Umar. Katika kumtafuta khalifa hakukusanya watu akawaambia wainue mikono. Wapokezi wa tarikh wasimulia kuwa alizunguka siku tatu akiuliza, mmoja mmoja na makundi, kwa siri na kwa dhahiri, hata wanawake majumbani mwao. Na Ali na Uthman alisema na kila mmoja faraghani. Kadhalika kadhi mwenye shaka na mashahidi huwatenga, asimsikie huyu maneno ya yule.

Watu watasema: mwenye haki na aseme hadharani, asiogope. Kweli, na ujira wake ni mkubwa. Lakini baraza haliwekwi kwa ajili ya mashujaa peke yao. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nikitangulia kuinua mkono, ni nani katika wanafunzi wangu atakayeuacha wake chini? Kwa hiyo katika mambo ya msikiti na madrasa, mwenye cheo na aseme mwisho, na wadogo waulizwe kwanza. Jambo likiwa zito, kila mtu apewe kikaratasi, akikunje, akitie katika kikapu, kisha vihesabiwe mbele ya wote. Asiyejua kuandika atie kokoto, nyeupe au nyeusi, mkono ukiwa ndani ya mfuko. Wallahu aalam.