Mwambie mumeo kabla Sacco haijawapigia wadhamini

Mama Watatu wa Kakuma, pole kwanza. Pole kwa kazi uliyopoteza, na pole zaidi kwa zile wikendi za Lodwar unazosema unailaza simu kifudifudi mezani ili mumeo asione jina la anayepiga.

Barua yako ni ndefu, naifupisha kwa faida ya wasomaji wengine. Kwa miaka minne na miezi kadhaa ulifanya kazi kwenye shirika la misaada hapo Kakuma kwa mshahara wa Sh68,000. Mumeo ni mwalimu wa shule ya msingi Lodwar na anakaa na watoto wawili wadogo. Kifungua mimba yuko sekondari ya bweni. Mwaka 2025, baada ya Marekani kusimamisha misaada yake, mkataba wako ulikatwa kabla ya muda kwisha, ukapewa mshahara wa mwezi mmoja na barua ya kukutakia heri. Tangu hapo umebaki Kakuma ukilipa kodi ya chumba na kusubiri tangazo la kazi la shirika jingine. Mumeo anaamini mkopo wa Sacco ulilipwa kwa malipo ya kuachishwa kazi, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia. Sasa kuna mfanyabiashara wa jumla Lodwar anayetaka kukuajiri karani kwa Sh31,000, na kuna shailoki aliye tayari kukukopesha Sh75,000 ufute madeni madogo madogo uanze upya. Unauliza: nichukue hizo pesa kimyakimya?

Hapana, mwanangu. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza nikusifu. Umeorodhesha kila kitu: Sacco Sh214,000, programu tatu za mikopo ya simu Sh27,500, karo Sh23,000, duka Sh14,200, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, Sh9,000. Jumla Sh287,700. Watu wengi wenye madeni hawathubutu kujumlisha. Wewe umejumlisha na hukukosea hata shilingi. Mtu wa namna hiyo hajapotea, ana hofu tu.

Sasa tumia hesabu hiyohiyo kwa shailoki. Anataka asilimia 20 kwa mwezi na kadi yako ya benki abaki nayo. Asilimia 20 ya Sh75,000 ni Sh15,000 kila mwezi, na hiyo ni riba peke yake, mkopo wenyewe hujaugusa. Mshahara wa Sh31,000 nao ni wa kwenye karatasi. Ukishatoa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba na ushuru wa mapato, mkononi utapata karibu Sh27,000. Shailoki akichukua zake zinabaki Sh12,000. Sacco ikidai Sh10,000 zake za kila mwezi, wewe, mumeo na watoto watatu mna Sh2,000 kutoka kwako. Na kadi anayo yeye. Huko ndiko unakotaka kuanzia upya?

Najua jibu utakalonipa, kwa sababu umeliandika: hali hiyo itakuwa ya miezi michache tu, mashirika yatarudi. Hapo ndipo napenda tuketi tuzungumze. Kakuma imekuwa mji wa mashirika tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, na kizazi kizima hapo kimekua kikijua mradi ukifungwa mwingine utafunguliwa. Lakini wewe uliona kwa macho yako. Mgao wa chakula wa wakimbizi ulikatwa, na Juni 2025 pesa zao za kununulia chakula, Bamba Chakula, zilizokuwa zikizungusha biashara ya soko zima tangu 2015, zikasimamishwa. Huenda kazi zikarudi, sikatai. Ila chumba unachokilipia kila mwezi ukingoja tangazo ndicho kilichozaa zile programu tatu kwenye simu. Hukukopa kwa anasa. Ulikopa ili uendelee kuishi kwa mshahara ambao haupo tena, na nadhani bado unaishi hivyo.

Unaiita kazi ya Lodwar kushuka. Hebu tuipime vizuri. Sh68,000 zako zilikuwa kama Sh50,000 mkononi. Humo ulitoa Sh12,500 za chumba cha Kakuma na nauli ya kwenda Lodwar kila Ijumaa na kurudi kila Jumapili, kilomita 120 hivi kila safari. Ukihamia nyumbani gharama hiyo inakufa. Kwa hiyo pengo halisi kati ya kazi ya zamani na hii mpya ni kama Sh11,000 kwa mwezi, wala si Sh37,000 unazolilia. Sh11,000 ni pesa, sisemi ni kidogo. Lakini ni pengo ambalo nyumba yenye mishahara miwili inaweza kulishughulikia, na zaidi ya hapo watoto wadogo watakuona Jumanne jioni.

Katika madeni yote hayo, linaloninyima raha ni la Sacco. Siyo kwa ukubwa wake. Ni kwa sababu wenzako watatu waliweka sahihi zao, na umesema wawili kati yao nao wamepoteza kazi. Hujalipa miezi mitatu, na simu zao huzipokei. Mwanangu, hapo umekosea, na nakuambia kwa upendo. Akiba yako ya Sh96,000 haitoshi kufunga mkopo, na usipojitokeza Sacco itageukia akiba za hao watatu. Wapigie wiki hii. Usiwaahidi tarehe. Waambie tu uko wapi, umepata kazi gani, na unakwenda Sacco kuomba mkopo upangwe upya. Halafu nenda kweli, ukiwa na barua ya kuachishwa kazi na ile ya kazi mpya. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio, deni la Sh214,000 likitandazwa kwa miaka minne linashuka hadi kama Sh5,600 kwa mwezi. Utalipa riba zaidi ya Sh28,000 kuliko ungelimaliza kwa miaka miwili, hiyo ndiyo bei yake. Ilipe. Wewe kwa sasa unahitaji kupumua, nao wadhamini wako wanahitaji kulala.

Sasa kuna jambo umelipita haraka sana kwenye barua. Ulipewa mshahara wa mwezi mmoja basi? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu nafasi yake imefutwa apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na pia malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kwa miaka minne hizo ni siku 60, yaani kwako kama Sh136,000 kabla ya ushuru. Mkataba ukifika mwisho wake wa kawaida mambo huwa tofauti, na mikataba ya mwaka mmoja mmoja ina maneno yake. Lakini wako ulikatwa katikati kwa kukosa fedha, na hilo linastahili kuulizwa. Chukua mkataba, barua ya kuachishwa kazi na hati zako za mshahara umpelekee afisa wa kazi. Sheria inakupa miaka mitatu ya kudai, siyo milele. Pesa hizo usizitumie kabla hazijaja, tafadhali. Ila usiziache mezani kwa sababu ya haya, hasa ukikumbuka kwamba mumeo anaamini ulishazipokea.

Na mbuzi je? Umejumlisha kila deni, lakini mbuzi kumi na mmoja uliomnunulia mama kule Kalobeyei umewataja kwa mstari mmoja tu, ukielezea pesa zako zilikokwenda, kama vile hawapo. Wapo na wanakula. Najua si wako peke yako, kaka yako ndiye anayewachunga na mama ndiye anayewategemea. Kaa nao, usiwaamulie. Lakini wewe ni Mturkana, sina haja ya kukufundisha yaliyotokea kwenye ule ukame wa 2020 hadi 2023, wakati walioshikilia mifugo hadi ikakonda walibaki na ngozi, na waliouza wawili watatu mapema wakiwa na nyama walipata cha kununulia unga. Wanne wakiuzwa sasa wanaweza kufuta Fuliza yote na kugusa programu moja.

Fuliza ndiyo ningeimaliza mwanzo, kwa kuwa inatoza kila siku inayopita na inajilipa yenyewe pesa yoyote ikiingia kwenye simu, hata ile uliyotumiwa kwa ajili ya dawa ya mtoto. Ukiimaliza, jiondoe kabisa. Programu zifuate, ndogo kwanza, na usichukue ya pili kulipa ya kwanza. Ile iliyomtumia mama mkwe ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu imevunja kanuni. Tangu Machi 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya simu. Hifadhi ujumbe huo, kisha ulalamike Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni utalilipa, lakini mama mkwe si sehemu ya deni.

Mwenye duka usimkimbie. Unasema siku hizi unazunguka nyuma ya msikiti ili usipite mbele ya mlango wake. Ukurasa wako kwenye daftari lake, sukari nusu, unga kilo mbili, mafuta ya kupimiwa, ni mmoja kati ya kurasa nyingi, na tangu Bamba Chakula isimame wengi wa walioandikwa humo hawana cha kumletea. Naye ana mwenye jumla anayemngoja. Pita mbele ya mlango umpe Sh1,000, aandike ukiona. Fanya hivyo kila mwezi, hata ukiwa Lodwar.

Karo nayo inazungumzika. Mwone mwalimu mkuu kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, umwandikie utalipa kiasi gani na lini. Na jaza fomu za basari, ya kaunti na ya mfuko wa eneo bunge, NG-CDF. Uliniambia basari ni za maskini na nyinyi hamjafika huko. Mtoto wa mama aliyepoteza kazi anastahili kuomba kama mwingine yeyote.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu ndiye uliyeogopa nimtaje. Unasema ukimwambia atakudharau. Nikuulize kwa upole: ni dharau yake unayoiogopa, au ni ile nafasi uliyokuwa nayo nyumbani? Ulikuwa unapata zaidi yake. Karo ilitoka kwako, mabati ya nyumba ya wakwe yalitoka kwako, ndugu zake wakiwa na shida walikupigia wewe kabla ya kumpigia yeye. Ulijisikia vizuri, na kwa nini usijisikie vizuri, ulikuwa umevuja jasho. Lakini mtu huyo aliishi miaka minne akiwa na mke anayemzidi mshahara na hukuandika hata sentensi moja kwamba alikunyanyasa kwa hilo. Umeandika ni mpole na ana fahari zake. Mpe nafasi ya kuwa mpole.

Mwambie Jumamosi, watoto wakiwa wameenda kucheza, si kwa simu wala si usiku mkiwa mmechoka. Weka ile karatasi ya hesabu mezani. Usianze na Marekani wala na mashirika. Anza na uongo: nilikwambia mkopo wa Sacco umelipwa, haujalipwa. Kisha mtajie jumla nzima, Sh287,700, kwa pamoja. Ukimpa laki moja leo na nyingine mwezi ujao, ataishi akisubiri ya tatu, na hapo hatakuamini hata ukisema kweli. Atakasirika. Pengine atatoka nje atembee hadi giza liingie. Mwache atembee, usimfuate na maelezo. Na usimwombe akope kwa ajili yako. Sheria inataka angalau theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, na walimu wengi tayari wana mikopo inayokatwa moja kwa moja. Usishangae akirudi na karatasi yake mwenyewe. Ikitokea hivyo, shukuru, mketi mzijumlishe zote mbili.

Unachomwomba ni ajue, na mkubaliane kila mshahara unakwenda wapi kwa miezi hii migumu. Mwombe pia msimamo mmoja mbele ya jamaa, kwamba kwa sasa hakuna atakayeahidi mchango bila mwenzake kujua. Ndugu watanuna, hasa waliozoea kukuona mtu wa shirika. Utawavumilia.

Mwenye kazi ya Lodwar anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Ikubali kazi hiyo, mwanangu, lakini zungumza na mumeo kwanza. Shailoki mjibu leo kwamba huhitaji pesa zake.