Bosi Akibadilika, Ofisi Hubadilika Nini? Somo la Safaricom kwa Kaunti Yetu

Mkazi wa Garsen anayeuza mbuzi wake sokoni na kulipwa kwa M-Pesa hana haja ya kujua ni nani anayeongoza Safaricom wiki hiyo. Tangu huduma hiyo ianze Machi 2007 kampuni imeongozwa na watu watatu, mmoja wao akirudi kama kaimu baada ya mwenzake kufariki, na pesa zimeendelea kuingia kwenye simu. Serikalini huwa si rahisi hivyo. Uongozi ukibadilika, mzazi huuliza kama fomu ya basari aliyojaza bado ina maana, mkandarasi huuliza nani atatia sahihi, na mfanyakazi wa zahanati husubiri kuona upepo unaelekea wapi.

Maswali hayo hayako mbali. Kifungu cha 180 cha Katiba hakimruhusu mtu kuwa gavana kwa zaidi ya vipindi viwili. Mheshimiwa Dhadho Godhana, aliyechukua uongozi kutoka kwa Hussein Dado mwaka 2017 na kuchaguliwa tena 2022, anatumikia kipindi chake cha pili. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Yeyote atakayechaguliwa atakuta ofisi zenye watu waliokwisha kuzoea namna fulani ya kufanya kazi.

Namna hiyo ndiyo huitwa utamaduni wa kazi. Hauandikwi ukutani. Unaonekana katika nani anathubutu kusema mkutanoni, nani anaogopa kupeleka habari mbaya juu, na kama mwananchi akifika dirishani saa kumi na nusu atahudumiwa au ataambiwa arudi kesho.

Safaricom ni kampuni ya simu, lakini M-Pesa yenyewe ni programu ya kompyuta, na kuna wafanyakazi ambao kazi yao ya kila siku ni kuitengeneza, kuijaribu na kuilinda. Michael Joseph alipoanza kuiongoza mwaka 2000, kampuni ilikuwa na wateja wasiofika 20,000. Moja ya maamuzi yake ya mapema ni kutoza simu kwa sekunde badala ya dakika, jambo lililomfaa mtu mwenye shilingi chache. Alijulikana kwa ukali na kwa kufuatilia mambo mwenyewe. Alipoondoka Novemba 2010, wateja walikuwa zaidi ya milioni 15. Uongozi wa aina hiyo hufaa sana mahali panapoanza upya, na serikali za kaunti mwaka 2013 zilikuwa hivyo hivyo. Hatari yake ni kwamba watu huzoea kusubiri neno kutoka meza moja.

Aliyemfuata, Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mtu wa tabia nyingine. Mwaka 2015 alitangaza mali yake hadharani, jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha kulifanya. Ripoti za kampuni zilitaja hata idadi ya wafanyakazi walioachishwa kazi kwa ulaghai. Kampuni ilijiwekea lengo la usawa wa wanawake na wanaume katika usimamizi, na akina mama wenye watoto wachanga wakapata mahali pa kuwaacha kazini. Mambo haya yanaweza kuonekana madogo kando ya faida ya mabilioni, lakini mfanyakazi huyaona kila asubuhi, na ndiyo humwambia bosi anathamini nini.

Mtihani ulikuja mwishoni mwa 2017, Collymore alipokwenda Uingereza kutibiwa na kukaa huko miezi kadhaa. Kazi haikusimama. Alirejea 2018 akaendelea hadi alipofariki Julai 1, 2019. Bodi ilimrudisha Joseph kama kaimu wakati ikitafuta mrithi. Kwa kawaida kipindi cha kaimu ni cha kusukuma siku: hakuna anayetaka kuamua jambo kubwa. Lakini Machi 2020, siku chache baada ya kisa cha kwanza cha korona kuthibitishwa nchini, kampuni iliondoa ada ya kutuma M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Uamuzi huo ulifanywa mkurugenzi mpya akiwa bado hajaingia ofisini.

Mkurugenzi huyo, Peter Ndegwa, alianza Aprili 1, 2020. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushika nafasi hiyo, na alitoka kampuni ya vinywaji, si ya simu. Aliwakuta wafanyakazi wengi wakifanya kazi wakiwa nyumbani. Katika miaka iliyofuata kampuni ilijitangaza kuwa ya teknolojia zaidi kuliko ya simu, na watu wa fani mbalimbali wakaanza kupangwa katika timu ndogo zinazoshughulikia kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa aliyezoea kungoja idhini ya mkuu wa idara, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha nembo.

Watu hupenda kumpa kiongozi mpya sifa zote, au lawama zote. Mfano wa Microsoft ya Marekani unatufundisha kutazama mara mbili. Satya Nadella alipochukua uongozi Februari 2014 alisifiwa kwa kuwafanya wafanyakazi washirikiane, na kwa kiasi kikubwa anastahili. Lakini utaratibu uliokuwa ukiwagombanisha, wa kuwapanga wafanyakazi kwa daraja ili lazima baadhi yao waonekane wabovu, ulikuwa umefutwa Novemba 2013, kabla hajateuliwa. Chini ya utaratibu ule, kumsaidia jirani wa meza kulikuwa kujipunguzia alama. Hotuba nzuri ya ushirikiano isingefua dafu wakati mshahara unasema vingine.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa maisha ya watu. Novemba 2023 maji yalipofunika barabara ya Garsen kwenda Lamu eneo la Lango la Simba, kilichohitajika ni habari kupanda haraka kutoka kijijini hadi Hola. Ofisa aliyezoea kukaripiwa kila anapoleta habari mbaya atangoja hadi asubuhi ahakikishe. Mto haungoji. Vivyo hivyo, ikiwa neno la siri la mfumo wa mapato analijua mtu mmoja tu, au faili za ada za soko zimo kwenye kompyuta ya mtu binafsi, siku anapoondoka huduma huondoka naye.

Sheria imejaribu kuziba mianya hiyo. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu kushika wadhifa wa gavana inaunda kamati ya kusimamia makabidhiano. Wajumbe wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti huhudumu miaka 6 isiyoongezwa, hivyo muda wao haulazimiki kuisha pamoja na wa gavana. Na kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda mtumishi wa umma: hawezi kuonewa kwa kutekeleza kazi yake kisheria, wala kufukuzwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa haki. Muuguzi aliyeajiriwa kihalali chini ya uongozi mmoja ni muuguzi wa kaunti chini ya uongozi mwingine.

Mwananchi naye ana nafasi. Anayetaka kujua mradi wa wadi yake umefikia wapi wakati wa mabadiliko, au nani sasa anashughulikia ofisi fulani, anaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Muda huo hauongezwi kwa sababu ofisi imepata mkuu mpya.