Chozi wa Uluguru: usiishie Morningside

Kuna aina moja ya ndege chozi, wa kimanjano, ambaye duniani kote anaishi kwenye Milima ya Uluguru peke yake. Wataalamu humwita chozi wa Loveridge, kwa heshima ya mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge, na alitambulishwa kisayansi mwaka 1922. Dume ana kichwa cha kijani king'aacho, kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva na tumbo la njano. Akitua kwenye ua lililopigwa na jua, mgeni husahau miguu inavyomuuma.

Kufika Morogoro, mji ulio chini ya milima hiyo, si kazi. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hutumia chini ya saa mbili.

Kazi huanza mjini. Mgeni akitaja tu neno chozi, hatakosa wa kumpeleka bustanini amwonyeshe chozi wa kifua chekundu. Huyo ni mzuri, lakini yuko karibu kila mahali. Hakuna sababu ya kumlipa mtu akuonyeshe huyo. Chozi wa Uluguru anataka msitu wa milimani, na idadi kubwa hukaa juu ya mita 1,200. Kwa hiyo kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru kichukuliwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa namba ya malipo na risiti mkononi. Atakayekuambia umpe yeye fedha taslimu, achana naye.

Bodaboda nazo zina mambo yake. Bei ya kupanda ikubaliwe kabla ya kukalia pikipiki, na ya kushuka papo hapo, maana huko juu jioni ikiingia abiria hana sauti.

Morningside inasifiwa kupita kiasi. Ni nyumba ya enzi za Wajerumani yenye mandhari nzuri ya mji, ila imezungukwa na mashamba. Anayeishia pale amepata picha, ndege hajamwona. Afadhali siku mbili upande wa Mgeta: magari hupandia Sangasanga, njia ina kona kali, na baridi ya kijiji cha Nyandira haitaki mzaha. Kutoka huko, Mluguru anayeujua msitu humpandisha mgeni kuelekea uwanda wa Lukwangule. Huyo ndiye wa kulipwa vizuri.

Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza vibaya. Nenda Juni au Julai, beba sweta, na uwe ukingoni mwa msitu kabla jua halijapanda.