Aseme Kwanza, Ndipo Aandike

Mama wa Kaptembwo, ujumbe wako nimeupata. Kijana wako wa Gredi ya Nne anasimulia mechi ya mtaani mwanzo hadi mwisho bila kukosea mfungaji, lakini akipewa kalamu anatoa mistari mitatu isiyosomeka. Shuleni wanasema ni mvivu, na wewe umeanza kuamini.

Usiamini, mdogo wangu. Mtoto anayefuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka si mvivu. Hadithi anayo. Kinachomshinda ni kuigeuza sauti kuwa herufi, na huenda ana disleksia (ugumu wa kusoma na kutahajia) au disgrafia (ugumu wa kuandika), ambazo hazina uhusiano wowote na upungufu wa akili.

Ila tusikimbilie kumpa mtoto jina la ulemavu. Huku kwetu Bonde la Ufa darasa moja lina Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii, Waluhya. Mtoto aliyekulia katika Kikalenjin anaweza kuandika "pata" akimaanisha bata, na wa Kikuyu akaandika "kurara" badala ya kulala. Hiyo ni lugha ya nyumbani inapenya, na hupungua kadiri anavyosoma. Wa kumtazama kwa makini ni yule anayeandika neno lilelile kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, anayeruka silabi, anayeunganisha maneno mawili kuwa moja, anayepotea kila akinakili kutoka ubaoni. Tena mpime kwa Kiswahili, si Kiingereza. Tahajia ya Kiingereza humsumbua kila mtu, lakini Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Akiwa bado anahangaika na silabi za Kiswahili katika Gredi ya Nne, hilo ni jambo la kufuatilia. Macho na masikio yapimwe kwanza, tafadhali.

Sasa nyumbani fanya hivi. Mwambie akusimulie jambo moja, umrekodi kwa simu. Sikilizeni pamoja, mchague sentensi moja tu: "Watoto wanacheza mpira." Ahesabu maneno kwa vidole, matatu. Kisha agonge meza kwa kila silabi, wa-na-che-za, huku akiitamka kwa sauti. Ndipo aandike. Sentensi zilizobaki akutajie, uziandike wewe, ili aione hadithi yake ikiwa nzima kwenye karatasi. Akizoea, aandike mbili, wewe umalizie.

Ukisahihisha, shika kosa moja. Kama leo ni nafasi kati ya maneno, herufi kubwa ziache hadi siku nyingine. Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumfundishi chochote, unamwambia tu asijaribu tena.

Na walimu wa insha, hapa nawaomba. Tumewazoesha watoto kukariri methali na misemo ya kupamba aya ya kwanza. Kwa mtoto wa aina hii, nguvu zote zinaishia kwenye mapambo kabla kisa hakijaanza. Mruhusuni aanze na kilichotokea. Kiboko nacho hakina nafasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza.

Najua wengi wenu mnatoka alfajiri kwenda mashamba ya maua Naivasha au sokoni, mnarudi miguu imevimba. Dakika kumi za jioni zinatosha, na hata dada yake mkubwa anaweza kukaa naye. Kinachosaidia ni kufanya kila siku, si kumfungia Jumamosi nzima.

Wewe peke yako huwezi kuthibitisha tatizo, wala mimi siwezi kupitia ujumbe. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyoitwa EARC, tangu 1984. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako ikuelekeze kilicho karibu. Nenda na madaftari yake ya zamani pamoja na mapya, maana yatasema mengi kuliko maelezo yako. Ripoti utakayopewa mpelekee mwalimu mkuu mapema. Baraza la mitihani, KNEC, lina mipango ya watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ukiwemo muda wa ziada, lakini shule ndiyo inayoomba, na haiwezi kumwombea mtoto ambaye haijui shida yake.

Mtihani wa Gredi ya Sita uko miaka miwili tu mbele yenu. Mpeleke muhula huu.