Kurudi Tena Kwenye Kisu?

Mama aliyepona saratani ya matiti ana miaka 60. Uzito umepanda, magoti yanauma, kisukari kimeingia. Anafikiria upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Baba anafoka: "Mungu amekuponya, unatafuta urembo gani?"

Ndugu, huo si urembo. Baada ya hedhi kukoma, unene kupita kiasi huongeza hatari ya saratani hiyo. Lakini upasuaji huondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko, wala haurudishwi. Vitamini humezwa maisha yote. Nendeni wawili, kwanza kwa daktari wa saratani. Mkikubaliana, chakula cha nyumba nzima kibadilike.

Jioni hii ulizaneni: mwenzangu anaogopa nini zaidi, kisu au ugonjwa kurudi?