Pedali ya ovadraivu ya bei nafuu: anza na amplifaya

Wengi wanaotafuta ovadraivu huuliza kwanza chapa. Mimi naona swali la kwanza ni utaichomeka wapi, kwa sababu saketi yenyewe ni ndogo na haina siri tena. Tube Screamer TS808 ya Ibanez ilitoka mwaka 1979, na moyo wake ni chipu moja na diodi mbili zinazokata vilele vya wimbi la sauti taratibu. Boss SD-1 ya mwaka 1981 inafanya vilevile, ila ina diodi tatu: mbili upande mmoja wa wimbi, moja upande wa pili, kwa hiyo wimbi halikatwi sawasawa. Behringer TO800 ni saketi ya aina ya TS808 ndani ya kasha la plastiki.

Tofauti utakayoisikia hasa iko kwenye besi. Tube Screamer haizikuzi sana sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi, na uzi mnene wa gitaa, E, uko kwenye hezi 82 tu. Kwa amplifaya ya Fender, ambayo mara nyingi sauti zake za kati zimelala, hilo ni jambo zuri: solo inajitokeza mbele ya bendi. Kwa amplifaya ya mazoezi yenye kispika kidogo, besi ilikuwa haba tangu mwanzo, na sasa unaipunguza tena. Hapo tafuta pedali yenye vitufe tofauti vya besi na trebo, kama MojoMojo ya TC Electronic. Na kama kanisani kwenu gitaa linaingia moja kwa moja kwenye miksa, ovadraivu yoyote, hata ya bei ya kutisha, italia kama nyuki kwenye debe, kwa kuwa hakuna spika ya gitaa ya kuchuja ule ukali wa juu. Nunua kwanza kifaa cha kuiga spika.

Wapo wanaoapa kwa chipu ya zamani ya Tube Screamer, JRC4558. Chipu hiyo ni ya bei ya chini, na diodi zikishaanza kukata, tofauti ya chipu kwa chipu ni ndogo mno kuilipia. Hoja ya kwamba vya bei rahisi havidumu ina uzito zaidi: plastiki inayokanyagwa kila Jumapili itapasuka. Kwa mpiga jukwaani nashauri SD-1 iliyotumika kuliko TO800 mpya, mradi tundu la jeki lisicheze na vitufe visikwaruze vinapozungushwa. Adapta iwe ya volti 9, hasi katikati.

Dukani, shusha Drive karibu na sifuri, pandisha Level, kisha piga kodi ileile kwa upole na kwa nguvu. Ukisikia mkwaruzo uleule mara zote mbili, irudishe kwenye kabati.