Neno refu lina kichwa wapi?

Kwa Kijaluo, lugha ya wengi wanaofika mahakamani Homa Bay na Migori, hakimu ni jang'ad bura. Tulivunje jina hilo. Ja- ni mtu, ng'ad ni kata, bura ni baraza la kuamua kesi. Mswahili hashangai: na yeye hukata shauri, na akishindwa hukata rufaa. Wakiwa wengi ni jong'ad bura, jina la kitabu cha Waamuzi katika Biblia ya Kijaluo. Bura haikuguswa.

Kwa neno lolote lililoungwa, uliza: hiki ni kitu cha aina gani? Sehemu inayojibu ndiyo kichwa cha neno. Mwanasheria si aina ya sheria, ni mtu. Kwa hiyo kichwa chake ni mwana. Wingi unathibitisha: wanasheria. Wajaluo na Waswahili si ndugu kilugha, mmoja Mniloti na mwingine Mbantu, lakini hapa wote wametanguliza mtu.

Sasa twende Denmark. Sheria inayoongoza uendeshaji wa kesi huko huitwa retsplejelov. Ret ni haki, pleje ni utunzaji, lov ni sheria. Ile s ya katikati haina maana yoyote. Ni gundi tu. Hapa kichwa kiko mkiani: hii ni aina ya lov, na wingi wake ni retsplejelove. Ongeza ændring, yaani badiliko, upate retsplejelovsændring. Papo hapo lov imevuliwa ukubwa, maana sasa tunazungumzia badiliko, si sheria. Kila anayeingia nyuma hutawala, na mlango haufungwi. Ndiyo maana maneno ya kisheria ya Kidenmark hurefuka hadi kumchosha msomaji, ingawa mwenye lugha hulitamka neno zima kwa mkazo mkuu mmoja, mwanzoni.

Lakini na sisi tuna marefu yetu. Wasingalishtakiwa lina herufi 17. Tazama ndani: wa- ni wao, -singali- ni kanushi na sharti lililopita, -w- ni kutendwa. Mzizi ni mmoja tu, shtaki. Retsplejelovsændring lina mizizi minne. Urefu wetu ni wa viambishi. Wao hupanga mizizi. Tukitaka kupanga mizizi mingi, sisi kwa kawaida hutumia -a unganifu na kuacha nafasi: badiliko la sheria ya utunzaji wa haki.

Mahali pa kichwa humgusa hata mkalimani mahakamani. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Anayetafsiri Kiswahili kwa Kijaluo au Kikuria akisikia "badiliko la…" keshajua kinachozungumziwa, anaweza kuanza. Mwenzake wa Kidenmark hana budi kungoja silabi za mwisho.